Wanafunzi Wangu Wamenisikia

Kirolirwe, siku ya tatu ya juma

Miaka yote nalalamika kwamba wanafunzi hawasikilizi somo la dini. Leo nimejua wanasikiliza, na nimejuta.

Juzi niliwafundisha kwamba Mungu alimpa mwanadamu dunia ailinde, hata chemchemi. Leo Papa Bahati, mfugaji wa hapa, akafika shuleni amekasirika: wanafunzi wangu wamejipanga mbele ya chemchemi, wanazuia ng'ombe wake wasikanyage maji. Niliogopa. Hapa wakulima na wafugaji hugombana kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Nikakimbia kuwakemea.

"Madame, si wewe njo ulitufundisha?" akauliza Riziki, binti wa mkulima. Kisha, kwa heshima zote: "Na wewe pia, usikuye tena kufula hapa juu."

Kila Jumamosi wananiona pale na sabuni yangu, nikifua nguo.

Papa Bahati alicheka mpaka akaegemea fimbo, hasira ikamwisha. "Twende chini, Madame. Sisi wote tuko bakosefu." Akawateremsha ng'ombe mwenyewe hadi kijitoni, chini ya chemchemi.

Basi Jumamosi nitafua huko chini, pamoja na ng'ombe.

Somo linalofuata ni amri ya kutosema uongo. Nafikiria kulichelewesha.