Nilimuuliza Marie-Claire ananipendea nini

Mpendwa Mama Nabintu, naomba unisaidie maana roho yangu haitulii. Mimi ni Rosine, mushonaji wa nguo hapa Katoyi, na kwa miaka kumi na mbili jirani yangu Marie-Claire, muuza maziwa kutoka Masisi, amekuwa rafiki yangu, tunakula pamoja, tunacheka pamoja, na siku ile tulipokimbia volkano kwenda Sake ni yeye aliyemubeba mama yangu mugonjwa mgongoni mpaka tukapita ziwa la Lac Vert. Sasa binti yangu Daniella anasoma filozofia iniversite, akanisomea katika kaye yake, daftari la masomo, kwamba wazee wa Ugiriki ya zamani waligawa urafiki mara tatu, kuna wa faida, kuna wa raha, na kuna wa kweli, ule wa kumutakia mwenzako mema kwa ajili yake mwenyewe, basi nikaanza kuwaza, huyu Marie-Claire ananiletea maziwa, mimi ninawashonea watoto wake, au sisi ni wa faida tu? Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza, "Marie-Claire, unanipendea nini?" Akadhani ninatania, nikamueleza yote, akaweka kikombe chini akasema, "Rosine, mama yako nilimubeba kwa faida gani?" akaondoka, na sasa ni wiki mbili hanisalimii, na nasikia Jumamosi anarudi Masisi kuishi huko kabisa. Nifanye nini?

*Rosine, Katoyi*

Rosine dada yangu, nimecheka kidogo, halafu nikakukasirikia. Kusoma si kosa, hata mimi nawapenda wazee wale. Lakini mulisoma nusu! Mbele kidogo walisema kwamba marafiki wa kweli pia wanafaidiana na kufurahishana, na kwamba urafiki huo unataka miaka ya kuishi pamoja. Maziwa hayauharibu. Wewe unao tayari, halafu unaupa mtihani kama mutoto wa shule.

Na mbona ulimuuliza yeye? Wewe unamupendea nini? Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuambia asante kwa ajili ya mama yako. Anza hapo.

Usimutume Daniella, usiandike kwenye simu. Kesho asubuhi nenda mwenyewe, umukute akifunga mizigo. Sema, "Nimekosa." Filozofia usiieleze tena. Akikufokea, kaa. Akinyamaza, musaidie kufunga vyombo. Na Jumamosi usimuage mlangoni kama mugeni: panda naye gari, mufike wote Masisi, ulale kwake, ujue njia ya kurudi kumuona. Wateja wako watangoja.