Kakao ya Barabarani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kasha limefika! Fundi William kalileta kwa guta. Makasha matatu, yamepangwa kama ngazi. Kakao mbichi naimwaga la juu, nafunika na majani ya mgomba ivundike, ikishika joto naisukuma ishukie la chini. Basi! Hakuna kuchota kwa mikono mpaka mgongo ulie. Nimelibuni mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Evodius kalizunguka, kasema mbao hizo zingetosha kitanda. Mume wangu huyu! Kitanda tunacho.

Jumamosi, 7 Juni
Nyumba nzima inanuka siki. Ndiyo harufu yake ikivundika vizuri. Nimepasua punje – kahawia mpaka ndani! Nimempelekea Evodius. Kaitazama, kasema sawa.

Alhamisi, 19 Juni
Leo tumepeleka kakao kwenye chama chetu cha ushirika. Nilivaa kitenge kipya kama naenda ubatizo. Nyuma yangu shemeji Salvatory, mdogo wake Evodius. Yeye havundiki. Anapasua matunda, anaanika punje kwenye turubai barabarani, mbuzi wanapita juu, zikikauka anafunga gunia. Katibu Bryson akapima yangu, akapima yake, kisha zote zikamwagwa lundo moja. Moja! Nilikuwa nimesimama pale pale.

Nikamwuliza Bryson kwa adabu kama yangu haiwezi kukaa pembeni. Kasema chama kinapeleka mnadani Ifakara mzigo mmoja, bei moja. Akitenga ya mmoja, kesho kila mtu atataka yake.

"Mama Careen," kasema, "hapa wote ni sawa."

Si mtu mbaya. Zamani walanguzi walitupunja kwa ndoo zao zilizovimba, chama ndicho kilichotuokoa, na mimi nilipiga makofi kuliko wote. Sasa nimkasirikie nani?

Njiani Salvatory kanitania: shemeji, wewe umenusa siki wiki nzima, mimi nimelala, na bei tumepata ile ile. Shemeji ana haki ya utani. Lakini nilipofika mtoni nililia.

Jumanne, 24 Juni
Evodius kaenda Lupiro kuvuna mpunga kwa kaka yake. Matunda yameiva. Sina moyo. Nayaona, napita.

Ijumaa, 4 Julai
Nimeanika barabarani. Bila kuvundika. Nimesema.

Nilidhani Salvatory atanicheka. Wala! Kasogeza turubai lake kunipa nafasi, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kuku kaingia kasha la juu, kataga. Mwache.

Jumatano, 16 Julai
Evodius karudi jana. Kakuta magunia ya ile kakao ya barabarani yamefungwa, yako sebuleni. Hakuuliza, sikusema.

Leo asubuhi hodi – Bryson, na mgeni. Dada Eveline, mnunuzi, kisu kidogo mkononi. Bryson hata salamu hajamaliza, anacheka tu. Eti mnadani huyu dada alipasua punje za mzigo wetu, na katikati ya takataka akakuta chache za kahawia, safi kabisa. Akauliza ni za nani. Chama kizima kikanitaja mimi! Sasa anataka zilizovundikwa tu, kwa bei ya pekee, na chama kimekubali kumtengea. Anaanzia hapa. Akiridhika, kila mtu atajifunza kwangu. Asiporidhika anaenda zake, harudi.

"Huyu ndiye fundi wetu," Bryson kasema.

Nimesema naenda kutafuta vikombe. Niko chumbani. Vikombe viko sebuleni, kila mtu anaviona. Mungu wangu, nitamwambia nini?

Nje namsikia Evodius anamwonyesha kasha. Anaeleza majani ya mgomba, joto, kusukuma, yote, hakukosea hata kimoja. Kumbe alikuwa anatazama! Anaomba radhi kwa sababu ya kuku anayeatamia. Anasema kasha hilo kalibuni mke wake, hakufundishwa na mtu.

Sasa wameingia sebuleni. Dada anauliza afungue gunia lipi.

"Lolote," Evodius anasema. "Yote ni mkono wa mke wangu."