Sahani ya Pweza

Mama, habari za huko nyumbani Manga? Mimi ni mzima, ila jua la huku Meksiko ni kali.

Jana mamake Diego alitupeleka hoteli ya kifahari, ya samaki na nyama, anifahamu kabla ya harusi yangu na Diego. Akaniagizia pweza, mikono imejikunja kama mizizi ya mgomba. Nilitamani kujua ladha yake, lakini nikasema, “Samahani mama, sisi Wasabato hatuli cha baharini kisicho na magamba.”

Diego alipotafsiri, niliogopa mamake ataudhika.

“Na ng'ombe?” mamake akauliza.

“Huyo tunakula.”

Akabadilisha sahani zetu, nikapata yake ya nyama ya ng'ombe, akanimegea na kichapati cha mahindi. Sasa anauliza wewe unapenda chakula gani, maana anataka kuja huko anipokee kutoka mikononi mwako. Nimwambie nini?

Mungu akulinde, mama.

Bintiyo, Kemunto