Kiti Kimoja, Lugha Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kudurufu mitihani tangu asubuhi hapa steshenari. Mvua. Mchana nikavuka barabara kwenda kituo cha kompyuta. Kimebaki kiti kimoja, darasa la jioni la kuandika programu. Mwalimu Shabani hajali cheti. Anataka mtu achague lugha moja, na Jumamosi alete programu ndogo inayofanya kazi. Lugha yoyote. Mimi sijui hata moja. Nakitaka kile kiti.

Jumanne, 4 Machi
Kaka Ambakisye kaja kutoka Kasumulu, kaniazima laptopu yake mpaka Jumamosi. Anatoa mizigo mpakani, kwa hiyo anajua kila kitu duniani. Kaniambia, "Wewe Tumpe, soma JavaScript. Mtandao wote ndio huo." Mtandaoni kwenyewe wengi wanasema anayeanza aanze na Python. Wengine wanawacheka hao. Nimesoma mabishano yao mpaka bando likaisha. Sijaandika hata mstari mmoja. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Haya, JavaScript. Nilitaka ukurasa utoe salamu tu. Ukafunguka mweupe. Nikaufungua tena. Mweupe. Hakuna neno, hakuna hata lawama. Ni kama kumwamkia mtu njiani akapita zake. Nikalia kidogo. Umeme ukakatika, nikalia vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Sikuigusa laptopu. Mteja mmoja, mtumishi aliyehamishiwa huku, kacheka niliposema "kalatasi". Kinyakyusa hakina r, tufanyeje? Nikamfungia kalatasi zake. Hasira mpaka jioni. Nimewaza kumwambia Mwalimu ampe mwingine kile kiti.

Ijumaa, 7 Machi
Python. Mstari mmoja. Ikakataa.
Lakini ilisema! Kwa Kiingereza, herufi nyekundu: jina "plint" halijulikani. Na mwishoni ikauliza, ulimaanisha "print"?
Nilikodoa macho. Nimeandika vilevile ninavyotamka. Nikafungua kazi ya Jumatano. Palipotakiwa "alert" nimeandika "arert". Huko nilikuwa najihami, nikapachika r hata pasipostahili. Siku mbili najiona sina akili, kumbe ni ulimi wangu umeingia kwenye vidole. Nimecheka peke yangu dukani, wateja wakanitazama.
Nimempigia Ambakisye. Anasema JavaScript nayo inasema makosa, ila pembeni, mpaka ubonyeze kitufe cha F12. Angesema Jumanne. Mimi nataka anayeniambia usoni. Python basi. Nimechagua.

Jumamosi, 8 Machi
Programu yangu: unaingiza idadi ya kurasa, inakwambia zitahitajika karatasi ngapi ukichapa pande mbili. Kazi yangu ya kila siku. Mwalimu Shabani akaingiza kumi. Tano. Akaingiza saba. Ikajibu tatu na nusu.
Nilitamani sakafu ipasuke. Hakuna anayeuza nusu karatasi. Nyuma yangu kijana wa Njisi naye alikuwa anakitaka kiti hichohicho, laptopu mkononi. Nikasema, "Mwalimu, naomba subira kidogo." Nikaongeza moja kabla ya kugawa kwa mbili, nikaondoa nusu inayobaki. Saba. Nne. Kumi. Bado tano.
Akauliza kwa nini Python. Nikamweleza habari ya "plint" bila kuficha. Yeye ni mtu wa Tanga, alicheka mpaka akavua miwani. Safari hii haikuniuma. Akaandika jina langu. Yule kijana kaambiwa aje awamu ijayo, nimemwonea huruma kidogo, si sana.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimepita Busale kwa mama. Tumepika mbasa wa ziwani. Nikamwambia nimepata nafasi ya kujifunza lugha. Akaacha kukoroga, akauliza ni lugha ya watu wa wapi, nitahama lini. Nikasema hakuna watu, ni ya kuongea na kompyuta. Akaendelea kukoroga.
"Sasa ukikosea, nani anakusahihisha?"
Nikamwambia yenyewe. Haicheki. Inauliza kama ulimaanisha neno jingine.
"Ndaga," akashukuru. "Hiyo ina adabu. Kaisome."
Akanipakulia kichwa cha samaki. Tukala.