Bima ya gari letu na mguu wa Magesa

Jumapili jioni, Nyakato. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu mchana na mvua haishuki.

"Bima ni ya kumwonyesha trafiki. Ajali tunamalizana wenyewe, kindugu." Ndivyo alivyoniandikia msomaji mmoja wa Bunda chini ya makala yangu iliyopita, na wengi wakamshangilia.

Ni uongo. Undugu gani huo, mmoja ameketi chini anavuja damu na mwingine ana gari? Hapo kuna mwenye haraka na mwenye maumivu, na anayeshinda ni mwenye haraka. Nilikuwa nimeandika aya kadhaa za kumchana huyo msomaji. Nimezifuta.

Jumapili iliyopita nilifanya kile kile anachokitetea.

Tulikuwa tunakwenda Butiama kumwona mama yangu. Nilimpa usukani binti yangu Nyangeta, ana miaka kumi na minane, hana leseni ya aina yoyote. Nilikaa pembeni yake, lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu: nilikuwa nabishana na mtu kuhusu haki za wanyonge. Sikuiona pikipiki ikitoka kwenye njia ya vumbi. Nyangeta aliiona, akachelewa kukanyaga breki.

Mwendesha bodaboda, Magesa, mtu mzima mwenye familia, alianguka, mguu ukabaki chini ya pikipiki. Nilimwamuru Nyangeta akae garini asifungue mdomo. Kisha nikaufungua wa kwangu.

Nilijua la kusema. Nilimwambia tukimwita trafiki pikipiki yake italala kituoni, na siku zote hizo watoto watakula nini? Nilimwita ndugu yangu. Nilimtafutia hadi methali. Nikampa hela ya bandeji na ya taa iliyovunjika, tukapeana namba za simu na mikono. Alinitakia safari njema.

Juzi mkewe alinipigia. Mguu umevimba hadi gotini, picha inaonyesha kifundo kimevunjika, na daktari anataka apelekwe Mwanza. Hakunilaumu. Alisema hivi tu: "Mzee, siku ile uliongea vizuri sana. Magesa huwaga anawaamini wanaoongea vizuri."

Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jana nilikwenda kwa wakala wa bima. Gari lina bima ndogo, ile ya kumlipa unayemgonga. Yule dada alinieleza kwa upole kwamba taarifa ya polisi haipo na dereva hana leseni, kwa hiyo kampuni ina pa kukatalia. Ningekuwa nimemkatia binti leseni ya kujifunza, tukabandika alama ya L, na mimi nikaangalia barabara, habari ingekuwa nyingine. Tena mwanzoni mwa mwaka aliniuliza kama nyumbani kuna kijana atakayeliendesha gari, maana kijana huongeza bei. Nilimjibu hayupo. Juu ya hapo nikamhutubia kuhusu unyonyaji wa makampuni ya bima. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikatia risiti.

Nyangeta hagusi chakula. Leo tulipotoka kanisani aliniuliza, "Baba, mimi ndiye niliyemgonga. Mbona hukuniacha hata nimpe pole?"



Kesho asubuhi tutaanzia kwa Magesa, Nyangeta ampe pole yake. Kisha kituoni, yeye na mimi. Nitasema nani alishika usukani na nani alimkabidhi. Jina lake litaandikwa pamoja na langu, na hilo linaniuma kuliko faini yoyote. Bima ikikataa, gari litauzwa mguu utibiwe.

Sasa ninyi wazazi wenzangu wa Nyakato mnaowapa watoto funguo kila likizo: kabla hamjazitoa mkononi, nendeni kwa wakala mkaulize, mwanangu akigonga mtu, mtu huyo atalipwa? Utajeni na umri wa mtoto, msimfiche kama nilivyomficha wangu. Bei ikiwashinda, mtoto asiendeshe.

Nanyi waendesha bodaboda wa njia ya Butiama: mkigongwa, msipokee hela ya bandeji, msipeane mkono na mtu. Trafiki aitwe kwanza. Na anayewabembeleza akiwa ni mimi, msinisikilize.