Maneno ya Ma Kokwijuka

Kaagya, Jumatano jioni. Mvua ilitukuta njiani tukitoka Muleba na bado inapiga migomba nyuma ya nyumba. Nina baridi, na sina wa kuzungumza naye.

Ajabu kwa msichana mwenye lugha tano. Kihaya nilikinyonya kwa mama. Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo, na Kiingereza kwa fimbo zaidi. Kiganda nimekiokota Kampala, ninakosomea historia na utawala. Kifaransa nilifundishwa na sista mmoja wa misheni aliyekuwa akikumbuka kwao. Tulianza na nyimbo za kubembelezea watoto.

Ndiyo maana niliitwa. Wajumbe wa mataifa wamekuja kutazama namna Waingereza wanavyotutawala, na Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wetu wa wilaya, alitaka mkalimani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nyumbani ndoto yangu naiita "masomo ya ng'ambo", kwa sababu nikiitaja yote watu hucheka. Nataka siku moja niketi kwenye meza wanapozungumziwa watu kama sisi. Niketi, nisisimame nyuma ya kiti cha mtu. Kwenda ng'ambo kunahitaji neno la Bwana Shauri na neno la Mkama, mfalme wetu. Tata, baba yangu, alikwisha kwenda kumwomba Mkama, amevaa kanzu yake ya Pasaka.

Asubuhi, mkutanoni Muleba, mambo yalikwenda vizuri. Watu walisema juu ya shule na bei ya kahawa, nami nikatafsiri. Kisha akasimama mjane mmoja wa Buganguzi, Ma Kokwijuka. Alisema kwa Kihaya, polepole, akimtazama mwakilishi wa Mkama aliyeketi mbele.

"Niliingia kibanja kile nikiwa bibi harusi. Migomba nimeipanda mimi. Mume wangu amezikwa pale. Sasa naambiwa ardhi ni nyarubanja, ni ya bwana mkubwa, nami ni mpangaji tu, nitoke. Nitoke niende wapi? Nimwache nani na kaburi?"

Bwana Shauri aliniinamia. "Hayo ni mambo ya kimila," akanong'ona kwa Kiingereza. "Sema tu kwamba ana ugomvi wa shamba."

Nilimkumbuka Tata na kanzu yake.

Nikatafsiri yote. Hata kaburi.

Mjumbe mmoja mzee, wa nchi inayosema Kifaransa, aliweka kalamu chini akauliza: huyu mama analala wapi leo? Mwisho mwakilishi wa Mkama akasema kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kwamba hatatolewa mpaka shauri lake lisikilizwe barazani. Nikamgeuzia mama maneno hayo kwa Kihaya. Nilidhani atafurahi.

Mkutano ulipovunjika alinifuata. "Mwana wange, uliwaambia kweli, au uliwaambia wanachotaka?"

"Nimewaambia yote, Ma."

Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Mungu anajua," akasema, akaenda zake.

Hakuniamini. Na kwa nini aniamini? Maneno yake yalipita mdomoni mwangu yakatoka hajui yamekuwa nini.

Chakula cha mchana wageni walikula ndani ya nyumba ya serikali. Wenyeji walikaa nje kwenye majani ya mgomba, wakila ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Ndani sikualikwa. Nje, nilipokaribia, wanawake walinisogezea nafasi kwa heshima, wakanyamaza. Nikaenda kukaa kwenye gari la Bwana Shauri.

Yule mjumbe mzee alinikuta huko. Akaniuliza kwa Kifaransa nataka kuwa nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia habari ya meza. Hakucheka. Alisema watu wa meza ile hukaa hotelini, na mara nyingi hula peke yao. Kisha akaitwa.

Jioni, kabla sijashuka garini, Bwana Shauri alinishukuru kwa adabu. Kesho, akasema, karani wake atatosha.

Tata alikwisha pata habari. Maneno hupanda baiskeli. Mama alipoondoa sahani, ndipo Tata akasema: "Mkama hataniita tena."

"Tata, yule mama angelala nje."

"Najua," akasema. "Najua. Hicho ndicho kinachonichosha."

Akaenda kufunga mbuzi mvuani, ingawa walikwisha fungwa.

Ningependa kusema sijuti. Naogopa. Naogopa nitazeeka nikifundisha watoto hesabu, nikijisemesha Kifaransa jikoni. Pengine hata nikifika huko ng'ambo nitakuwa hivi hivi, kati ya nyumba na majani ya mgomba, kila upande ukinyamaza nikikaribia.

Lakini usiku huu Ma Kokwijuka analala Buganguzi, kwake.

Kesho nitaandika maombi ya masomo mwenyewe, bila neno la mtu. Wakinikataa, nitaandika tena. Na nikiitwa tena kutafsiri, nitatafsiri vilevile.