Meli Iliyozama, Mita Ishirini na Nane

Jumatatu, 5 Agosti
Tumefika! Chumba cha hoteli kina mapazia mazito na feni inayosaga meno. Likizo hii Baba Punje kapewa na bosi wake, kwa miaka saba ya kutengeneza lifti. Wifi kaja kutushikia mtoto.

Karibu na mapokezi kuna ofisi ya kuzamia. Ubaoni safari tatu. Matumbawe, mita tano. Ukuta wa mwamba, mita kumi na nane. Meli iliyozama, mita ishirini na nane. Kidole cha Baba Punje kikaenda moja kwa moja kwenye meli. Mwalimu wa pale, mwanamke mfupi mcheshi, akasema kaka, hujavaa mtungi wa hewa hata siku moja, anza na matumbawe. Meli haikimbii, imeshazama!

Baba Punje hakucheka. Tukavuka barabara, ofisi ya pili. Wametuandika wote wawili, meli, Alhamisi. Hata kuuliza kama tunajua kuogelea hawakuuliza. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka sana kuiona hiyo meli.

Jumanne, 6 Agosti
Mazoezi kwenye bwawa la hoteli. Nusu saa tu. Jamaa wa ofisi ya pili alisema neno moja likaniingia: usizuie pumzi kamwe. Ukipanda juu nayo, mapafu yanapasuka kama puto. Halafu akarudi kwenye simu yake.

Nikazuia! Mara tatu. Sikujua mwenyewe — Baba Punje ndiye aliyeona mapovu yamekatika.

Mchana nikajikamata. Punje kalala, nimemwinamia, na pumzi nimeibana. Ndivyo nilivyo tangu azaliwe njiti. Nazuia yangu ili nisikie yake. Mwaka na nusu sasa. Nikiogopa kifua kinajifunga chenyewe. Huko chini je, nani atanifungulia?

Nikamwambia mume wangu tubadilishe, twende matumbawe. Akasema mita tano kitu gani, Mama Punje, mimi kila asubuhi nashuka shimo la lifti refu kuliko hilo. Nikasema shimo la lifti lina hewa. Wifi akadakia: wifi yangu, kama ni samaki tu, hata kwenye kikaango wapo! Tulicheka.

Jumatano, 7 Agosti
Nimejitoa. Nimeenda mwenyewe kwa yule mwalimu mfupi, nikamweleza yote. Hakunicheka. Kanipigisha magoti kwenye maji ya kiunoni, akasema guna, mwanangu, anayeguna hawezi kuzuia pumzi. Nikaguna kama mbuzi. Nikapumua! Dakika kumi chini ya maji, na niko hai.

Nikarudi mbio kumwambia Baba Punje, bado kuna nafasi ya matumbawe, twende wote. Akasema nimtie woga mtu mwingine. Tumelala bila salamu.

Alhamisi, 8 Agosti
Saa tatu. Niko kwenye benchi la mwalimu. Nilishavaa nguo za kuzamia, nikavua.

Redio yake ya mawasiliano imelia. Ni boti ya ofisi ya pili. Wanaomba oksijeni, wanarudi, mgeni mmoja kapanda juu haraka mno. Wamekwenda wageni sita. Mwalimu akauliza nani. Redio ikakoroma tu.

Kaniuliza mumeo kavaa nguo ya rangi gani. Sijui! Mke gani huyu? Asubuhi akiondoka alisema haya mama, baadaye. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimegeukia ukutani.

Mwalimu kachukua mtungi wa oksijeni, kakimbilia gatini. Kasema nikae hapa. Nimekaa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Boti inaonekana. Kuna mtu kalazwa, wengine wamemwinamia. Wifi kaja na Punje mgongoni, hajui kitu, ananiuliza mbona umekauka hivyo. Punje kanyoosha mkono kwenye boti, anacheka, anaita baba, baba!

Lakini huyu kila mwanamume humwita baba.